Sinia, Sitara na Upasuaji wa Mama



Ndugu zetu wasomaji, Shaabani inaelekea ukingoni na Ramadhani inatubishia hodi. Katika siku hizi ambapo kila jiko la Mwambao linahesabu unga wa kaimati na nazi za tambi, tumeona ni wakati unaofaa kuyaandika mambo ambayo kwa muda tuliyaficha. Sisi ni ndugu wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja, tuliozaliwa na kulelewa Mombasa. Tunayoyaeleza yanamhusu mama yetu. Tumeyaandika kwa idhini yake, naye amesomewa kila mstari. Pale tulipotaka kuruka kwa kuona haya, yeye ndiye aliyesema, "Andikeni, wanangu. Huenda yuko mwengine anayeficha kama tulivyoficha sisi."

Mama yetu anajulikana mtaani kwa mkono wake. Katika harusi na hitima yeye ndiye aliyeitwa kuonja mchuzi kabla ya sufuria kuepuliwa. Nyumbani kwetu mtu hakuulizwa kama ana njaa, aliwekewa. Mtoto akifaulu mtihani alipikiwa, na akianguka alipikiwa pia ili apate moyo. Baba naye, ambaye si mtu wa maneno mengi, kila Alhamisi jioni alirudi na kikapu kidogo cha haluwa akakiweka mapajani mwa Mama bila ya kusema kitu. Hiyo ndiyo lugha ya mapenzi tuliyokulia, wala hatuikatai hata leo.

Lakini mwili wa Mama ulikuwa umelemewa. Alipofika umri wa miaka 52 alikuwa na kilo 118 kwa urefu wa sentimita 158. Alikuwa na kisukari kwa miaka 11 na akijidunga sindano ya insulini asubuhi na jioni. Presha ilikuwa juu. Usiku alikoroma, kisha pumzi zikakatika, nasi tukikaa macho kwenye chumba cha pili tukizisubiri zirudi. Magoti yalimuuma hata ngazi za nyumba yetu zikawa safari. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kwa miaka sita alikuwa akisali kitini. Sijda yake ilikuwa ni kuinamisha kichwa tu, na kila mara alipotazama mswala uliokunjwa pembeni, alitazama upande mwengine.

Watu walimshauri apunguze kula, kana kwamba hakuwahi kulisikia neno hilo. Mama alikwisha kujaribu. Mwaka mmoja alipunguza kilo 14 kwa jitihada kubwa, na katika miaka miwili iliyofuata zikarudi 17. Baadaye tulifahamishwa kwamba mwili unaopungua hujitetea: homoni za njaa huzidi, na matumizi ya nguvu mwilini hupungua. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linauhesabu unene wa kupindukia kuwa ni maradhi sugu. Kumlaumu mgonjwa wa namna hiyo ni sawa na kumlaumu mwenye pumu kwa kuhema.

Daktari wake wa kisukari ndiye aliyeutaja upasuaji kwanza. Alichukua uzito wa Mama, akaugawa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, akapata 47. Kipimo hicho huitwa BMI. Alitueleza kwamba miongozo ya mwaka 1991, iliyofuatwa kwa miaka mingi, iliweka mpaka wa 40, au 35 kwa mwenye maradhi mengine makubwa yaliyoambatana na unene. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huo viliushusha mpaka hadi 35 kwa mtu yeyote, na wakasema mwenye kisukari anaweza kufikiriwa hata akiwa na 30.

Kisha akatuchorea kwenye karatasi. Namna ya kwanza ni kulikata tumbo kwa urefu wake na kuliondoa fungu kubwa, yapata robo tatu hadi asilimia 80, likabaki mfano wa mrija mwembamba. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, hivyo si chakula pekee kinachopungua bali na hamu yake. Namna ya pili ni kutengeneza kifuko kidogo sana juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mwembamba, chakula kikapita njia ya mkato. Kila moja ina faida na hatari zake. Mama, baada ya kupimwa, aliambiwa ya kwanza ndiyo inayomfaa.

Hatukukubali siku hiyo. Mama alikuwa na swali lililomkosesha usingizi: je, kukata kiungo kizima alichoumbwa nacho si kubadilisha maumbile? Tulimwendea shekhe wetu, naye akatuuliza maswali matatu. Je, ni maradhi au ni kutafuta umbo zuri? Je, madaktari waaminifu wamesema kwamba faida inazidi madhara? Je, njia nyepesi zimejaribiwa? Alipopata majibu, alimwambia Mama kwamba mwili ni amana, na kwamba kutafuta tiba ni katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.). Alisisitiza kwamba anamjibu yeye na hali yake, wala hatoi ruhusa ya jumla kwa kila anayejitazama kwenye kioo.

Maandalizi yalichukua miezi mitano, nasi tulikuwa tumedhani ni wiki mbili. Mama alipimwa damu, moyo na mapafu. Aliwekewa kifaa cha kupima pumzi usiku, ikathibitika kwamba kweli zinakatika, akapewa mashine ya kulalia ili daktari wa nusukaputi asije akapata shida. Aliingizwa kamera tumboni, wakapata bakteria wa vidonda vya tumbo, akapewa dawa kwanza. Sukari yake ilibidi iteremshwe. Alikaa na mwanasaikolojia, ambaye hakumuuliza kama ana wazimu, kama tulivyohofu, bali alimuuliza, "Mama, ukihuzunika unakula nini? Na chakula kikiondoka, utaipeleka wapi huzuni hiyo?" Mama alinyamaza muda mrefu kwenye kiti kile.

Wiki mbili za mwisho alikula chakula kidogo chenye protini na mboga, bila ya wali, mkate wala sukari. Sababu yake ni ini. Kwa mtu mnene ini huvimba kwa mafuta na kulifunika tumbo, na chakula cha namna hiyo hulipunguza ili daktari apate njia. Wiki hizo zilikuwa ngumu. Tulikuwa tukikaanga viazi karai jikoni huku yeye akinywa supu chumbani, na hatukuona ubaya wake wakati ule.

Mtaalamu wa lishe alitwambia jambo moja zaidi, nalo ndilo lililotusababisha kuyaandika haya. Alisema, "Niletee kila anayempikia na kila anayekula naye." Sisi tulikwenda wanne na Baba. Hatukumpeleka Shangazi, dada yake Baba, anayekaa nyumba ya pili na ambaye kwa miaka 30 amekula sinia moja na Mama. Hatukuwapeleka mabinamu. Hatukumwambia mtu yeyote.

Mama aliandika wasia wake, akalipa madeni yake, akauza bangili zake nne za dhahabu, na kaka yetu akatoa akiba yake ili gharama zitimie. Aliwazungukia jamaa mmoja mmoja akiwaomba radhi. Walipouliza safari ni ya nini, tulijibu kwamba anakwenda Nairobi kutazamwa magoti. Tuliogopa ndimi za watu. Tuliogopa ile kauli ya kwamba amekatwa tumbo kwa kushindwa kujizuia. Na tulikuwa na neno zuri la kuufunika woga wetu: tuliuita sitara.

Upasuaji ulifanywa katika Mfungo Saba, baada ya Maulidi kupita. Ulifanywa kwa matundu madogo matano, ukachukua muda mfupi kuliko dua zetu. Jioni ile ile wauguzi walimwinua akatembea, kwani damu ya aliyepasuliwa ikituama huweza kuganda miguuni na kupanda mapafuni. Tulifundishwa dalili za kukimbilia hospitali: homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba. Tulikaa Nairobi siku kumi, kisha tukarudi kwa gari moshi. Kila baada ya muda tulimsimamisha akatembea kwenye behewa. Abiria mmoja alimpisha akisema, "Pole, Mama, miguu hiyo." Nasi tukaitikia.

Nyumbani alianza na maji, supu iliyochujwa na maziwa mepesi kwa wiki mbili. Kisha vyakula vilivyosagwa: pojo, mtindi, samaki aliyepondwa. Baadaye vingefuata vyakula laini, na vigumu mwisho kabisa, baada ya wiki sita hadi nane. Mama alichagua kipimo chake mwenyewe. Alitoa finjani ya kahawa kabatini, ile ndogo isiyo na mkono, akasema, "Hiki ndicho chungu changu sasa." Sukari yake iliteremka upesi mno hata daktari akamsimamisha insulini katika wiki ya kwanza. Tulifurahi. Tulidhani tumevuka.

Wiki ya tano palikuwa na harusi ya ukoo. Mama hakuweza kukosa bila ya kueleza sababu, na sababu ilikuwa siri, kwa hiyo alikwenda. Masinia ya pilau yalipoteremshwa, wanawake sita walikaa kulizunguka moja, na Shangazi akamkatia Mama nyama iliyonona, akamsogezea. Mama alisema ameshiba. Shangazi akasema, "Wifi yangu, hata tonge moja? Tangu urudi Nairobi huli kwangu. Nimekukosea nini?" Wote wakamtazama. Yeyote aliyekulia kwetu anajua uzito wa swali hilo. Mama akala matonge matatu.

Usiku huo alitapika. Siku ya pili akatapika tena, na siku zilizofuata hata maji hayakutulia. Tulijipa moyo kwamba yatapita. Vidonge vyake vya vitamini vilikuwa vimewekwa ndani ya kasha la leso ili wageni wasivione, na kilichofichwa husahauliwa. Tulipokuja kuhesabu, tuliona kwamba alikuwa amekosa kuvimeza tangu kabla ya harusi. Siku ya nane alikuwa amelegea. Tulimpeleka zahanati ya karibu, na Shangazi, kwa huruma yake, akafuatana nasi.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye adabu. Aliuliza swali ambalo kila daktari huuliza: "Mama amewahi kufanyiwa upasuaji wowote?" Mama alilikumbatia dera lake. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Tulitazamana, na mmoja wetu akajibu, "Hapana."

Hatutaji ni nani aliyejibu, kwa sababu sote tulinyamaza baada ya jibu hilo.

Daktari alimtibu kama mtu aliyekula kitu kibaya. Alimtundikia dripu ya maji yenye sukari, jambo lililo sawa kabisa kwa mgonjwa aliyeelezwa. Siku mbili baadaye macho ya Mama yalianza kuchezacheza. Alisema anatuona wawili wawili. Aliposimama alitembea kama mtu aliyeko mashuani penye mawimbi, miguu imetanuka, mikono ikitafuta ukuta. Kisha akatuuliza kama harusi ni kesho.

Mdogo wetu ndiye aliyetoka nje akampigia simu daktari wa upasuaji Nairobi. Alimsikiliza kwa muda mfupi tu, akasema, "Mpe simu daktari aliye karibu nawe, sasa hivi." Ndipo siri ikatoka, kwenye ukumbi wa zahanati, kwa sauti kubwa, mbele ya Shangazi.

Ulikuwa ni upungufu wa vitamini B1, iitwayo thiamini. Mwili hauweki akiba kubwa ya vitamini hiyo, na mtu anayekula kidogo na kutapika kwa siku nyingi huweza kuimaliza katika wiki chache. Ikiisha, ubongo na mishipa ya fahamu hudhurika: macho, mwendo na kumbukumbu. Na sukari ya dripu inapoingia kabla ya B1, mwili hutumia hata ile iliyobakia ili kuichoma sukari hiyo. Dawa yake ni nyepesi, nayo ni sindano za B1 mshipani, lakini sharti iwahi. Kilichotakiwa ni daktari yule kijana kujua jambo moja, nalo tulimnyima.

Mama alihamishiwa hospitali kubwa. Macho yalitulia katika siku chache, kumbukumbu ikarudi, mwendo ukachukua miezi. Vidole vya miguu vina ganzi hadi hii leo. Tumbo lilikuwa limevimba ndani kwa chakula kigumu kilichoingia kabla ya wakati wake, akarudishwa kwenye vinywaji kwa wiki mbili nyengine. Madaktari walitwambia kwamba lau tungechelewa zaidi, tungeletewa Mama asiyetujua, au tusingeletewa kabisa.

Shangazi hakutugombeza siku ile. Alikuja nyumbani baada ya wiki moja, akaketi mkekani, akasema, "Mmeufanya mkono wangu umdhuru mtu ninayempenda, nami sina habari." Kisha akalia. Katika yote yaliyotupata, hakuna neno lililotuingia kama hilo.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Tuliijua methali hiyo tangu skuli, lakini tulidhani inamhusu mtu anayekataa kwenda kwa daktari. Sisi tulikwenda kwa madaktari wote, tukaficha kwa wale wanaoshika kijiko. Dini yetu imetufundisha kusitiri aibu za watu, nalo ni jambo tukufu. Lakini ugonjwa si aibu, na tiba si dhambi iliyotendwa gizani. Hatusemi mgonjwa apige mbiu sokoni. Tunasema kwamba hata siri njema ina watu wenye haki ya kuijua: anayekupikia, anayekula nawe, na anayekutibu. Kumficha daktari si sitara hata kidogo.

Tangu hapo nyumba yetu ilibadilika. Shangazi, tuliyemwogopa, akawa mlinzi. Harusini hubeba finjani kwenye mkoba wake, humchotea Mama fungu lake kabla ya sinia kuguswa, na mtu akimsonga Mama kwa chakula, yeye ndiye anayejibu: "Muache wifi yangu, ana tumbo la daktari." Watu hucheka, na maneno tuliyoyaogopa huishia hapo. Baba alihangaika Alhamisi kadhaa akirudi mikono mitupu. Kisha jioni moja akaja na asmini zilizofungwa kwenye jani la mgomba. Mpaka leo ndizo anazoleta.

Mama hula polepole, tonge hutafunwa mara 20 au zaidi. Huanza na samaki, mayai, kuku au maharage, kwani anahitaji gramu 60 za protini au zaidi kila siku, kisha mboga, na wali mwisho, kijiko kimoja au viwili. Hanywi pamoja na chakula; husubiri nusu saa, kisha hunywa kidogo kidogo kutwa mpaka atimize lita moja na nusu. Akila kitu kitamu sana, moyo humwenda mbio, jasho humtoka na hulazimika kulala. Dawa za maumivu kama ibuprofeni ameagizwa kuziepuka kwa sababu huweza kuchubua tumbo. Vitamini, chuma, kalsiamu na B12 ni za maisha yote, na kila mwaka hupimwa damu. Vidonge sasa viko juu ya meza ya kulia, karibu na chumvi, na mjukuu wa miaka saba ndiye anayemkumbusha.

Yako mambo ambayo hatukuambiwa yakatuingia, au tuliambiwa tukasahau. Mwezi wa nne nywele zilimtoka kwa mafungu, akalia kuliko alivyolia hospitali, baadaye zilirudi. Ngozi ya mikono na tumbo imelegea. Wanawake walio katika umri wa kuzaa, tuliokutana nao kliniki, walishauriwa wasibebe mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Na kuna huzuni isiyotajwa: kwa miezi mingi Mama hakujua afanye nini akiudhika. Swali la mwanasaikolojia lilikuwa limerudi kudai jibu lake. Sasa akiudhika hutoka baada ya Alasiri na Shangazi, wakatembea mpaka ufukweni, wakarudi kabla ya Magharibi.

Ramadhani ya kwanza ilimkuta na miezi mitano tu baada ya upasuaji. Daktari alimkataza kufunga, na shekhe akamkumbusha kwamba Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyengine. Mama aliona uzito. Alijifungia chumbani anywe maji, mpaka Baba akamwambia, "Ruhusa ya Mola haifichwi." Ramadhani ya pili alifunga siku 19 kwa ushauri wa daktari. Kugumu kwake hakukuwa njaa, bali kupata maji ya kutosha kati ya futari na daku kwa tumbo lisilopokea gilasi nzima. Siku alipohisi kizunguzungu alifungua. Deni lake alililipa kidogo kidogo katika siku fupi za baridi. Futari yetu nayo ilibadilika: tende moja, maji, supu, kisha sala, na chakula baadaye. Viazi karai vingali vipo, ila haviwi mlima. Sote tumefundishwa tangu chuoni kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi. Tumelazimika kupasuliwa Mama ndipo tuyafuate mafundisho hayo.

Baada ya mwaka mmoja alikuwa na kilo 82. Leo, baada ya miaka miwili na kitu, ana 85. Amerudisha tatu, na daktari alitutahadharisha mapema kwamba hilo hutokea, na kwamba asiyelinda mwendo wake huweza kurudisha nyingi. Hana insulini, anameza kidonge kimoja cha kisukari. Presha imeshuka. Usiku analala, nasi tunalala. Hatujui miaka kumi ijayo itakuwaje. Tumeambiwa kisukari huweza kurejea, na tumekubali kwamba upasuaji ni msaada uliopewa mapambano, haukuyamaliza.

Kwa yeyote anayeifikiria njia hii, ushauri wetu ni mfupi. Usiende kwa sababu ya nguo au maneno ya watu. Tafuta hospitali yenye timu kamili, sio kisu peke yake: mtaalamu wa lishe, mwanasaikolojia, na daktari utakayempata kwenye simu mwaka wa pili. Hesabu gharama za vitamini na vipimo vya maisha yote pamoja na gharama za upasuaji. Jitayarishe wewe, kisha ulitayarishe jiko. Ukitapika kwa zaidi ya siku mbili au tatu, usingoje. Nenda, na neno la kwanza utakalomwambia daktari liwe ni kwamba umepasuliwa tumbo.

Asubuhi moja katika mwezi wa tisa baada ya upasuaji, tulisikia kishindo kidogo chumbani mwa Mama wakati wa Alfajiri. Tulikimbia tukidhani ameanguka. Tulimkuta ameufungua mswala, kiti kimesukumwa ukutani, paji lake la uso liko chini. Alikawia sana katika sijda hiyo. Tulirudi nyuma tukaufunga mlango polepole, na Baba, aliyekuwa nyuma yetu, akaenda jikoni kuchemsha uji.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atupe ujasiri wa kusema kwa wanaostahiki kuambiwa, na atufikishe Ramadhani tukiwa na afya njema.

Wabillahi tawfiq.